Kikapu cha Mengineyo

Sahani ya kwanza ilipiga ukuta. Ya pili ilipita dirishani ikaangukia uani, kwenye rundo la vyuma. Ya tatu ndiyo iliyompata Wifi, na kwa kuwa alikuwa ameinua mkono kukinga uso, mkono ndio uliovunjika. Wote waliokuwa mezani walisikia mfupa ukilia. Mtoto alikuwa ameshaingia chini ya meza tangu sahani ya kwanza, maana watoto hawahitaji kufundishwa mara mbili.

Sababu ni chakula kupoa. Usitafute nyingine, haipo. Mwanaume mzima, fundi wa milango ya chuma anayeheshimika mtaa mzima, alimvunja mkewe mkono Jumapili mchana kweupe kwa sababu chakula kimepoa, na kilipoa kwa sababu yeye mwenyewe alichelewa kunawa.

"Nani kakuambia ulie?" Fundi alimuuliza mkewe. Alikuwa amemsimamia, ngumi zimekunjwa. "Nimekuuliza. Nani kakuambia ulie?"

Fundi akamshika nywele, akamgongesha kichwa kwenye kabati la vyombo, mara ya kwanza taratibu kama mtu anayebisha hodi, mara ya pili kwa nguvu zake zote. Hapo ndipo dada yake Fundi alipomrukia mgongoni. Huyu dada nyumba nzima ilimwita Shangazi, kumfuatisha mtoto, na alikuwa mwanamke mwembamba wa kazi za ofisini. Fundi alimpiga kiwiko cha mbavu akamdondosha chini kama gunia. Kisha akatazama huku na huku, akaona hakuna mwingine wa kumpiga isipokuwa mama yake, akatoka nje. Punde mashine ya kukatia chuma ikaanza kulia uani.

Bi Mkubwa, mama yao, hakuwa amenyanyuka kitini. Aliokota punje za chakula zilizomrukia kwenye nguo, moja moja, akaziweka pembeni mwa sahani.

"Mkwe wangu, ukiona mwanaume amefura usimkalie machoni," alisema. "Haya, nendeni hospitali. Mkiulizwa, ameanguka bafuni. Funika kombe mwanaharamu apite."

Hospitalini, daktari wa mifupa aliutazama mkono, akatazama na uvimbe wa kichwani, akauliza amefanyaje.

"Nimeanguka bafuni," alisema Wifi.

"Mabafu ya siku hizi yanavunja sana watu mikono," alisema daktari, akaendelea kukoroga plasta. Hakuuliza tena, na Shangazi aliyekuwa amesimama mlangoni akizishika mbavu zake hakuongeza neno.

Njiani kurudi, Wifi alitembea polepole, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa.

"Hakuwa hivi, wifi," alisema. "Wewe umekua naye, unamjua. Mtu ambaye alikuwa akijikwaa kwenye kiti anakiomba kiti radhi. Tangu aanze vile vidonge, sijui nimeolewa na nani."

Shangazi alitazama njia. Si kwamba hakuwa na la kusema. Alikuwa nalo, na lilikuwa kubwa kuliko mdomo wake.

*

Vile vidonge vilitoka kwenye kituo alichofanyia kazi yeye mwenyewe. Kituo kilikuwa kikijaribu dawa mpya ya kifafa. Wagonjwa waligawanywa mafungu mawili: wengine walimeza dawa yenyewe, wengine vidonge vya unga tu, vinavyofanana na dawa kama mapacha, na hakuna aliyejua nani kapewa kipi, si mgonjwa, si nesi, si daktari. Kila mtu alikuwa namba. Kwamba mmoja wao ni kaka yake, Shangazi alikuwa ameshalitamka mbele ya wakubwa, wakamwambia haidhuru, mradi asiguse faili lake. Nyumbani lakini hawakuhitaji kufunguliwa siri yoyote. Fundi aliyekuwa akianguka kila mara, aliyewahi kuangukia chuma cha moto kikamla shingo, alikuwa ameacha kuanguka. Bi Mkubwa aliviombea dua vidonge vile kabla ya kumpa mwanawe maji ya kumezea.

Kila walipokuja kituoni, wagonjwa na watu wao waliulizwa hali, na nesi aliandika maneno yao kama yalivyotoka mdomoni. Zamani karatasi hizo zilijaa makabati mpaka darini, watu wakazisoma moja moja kwa macho mpaka macho yakauma, na majibu ya utafiti yalipotoka, wengi waliokuwa wakiyasubiri walikuwa wameshazikwa. Ndipo ukaletwa mtambo. Mtambo uliyasoma maneno ya manesi wenyewe na kuyagawa: kila lalamiko na kikapu chake, kila kikapu na hesabu yake.

Sasa, mtambo una akili lakini hauna kwao. Haukujua kwamba mtu akisema kichwa kinagonga, hakuna mlango hapo. Wala kwamba mwenye moyo unaokwenda mbio hakukimbia popote. Ilibidi ufundishwe, na mwalimu akawa Shangazi, kwa kuwa alikaa na karatasi zile miaka na alijua watu wanavyosema. Alikaa ubavuni mwa mtaalamu wa mitambo, bwana mmoja mcheshi ambaye ofisi nzima ilimwita Miwani. Miwani anasoma sentensi, anauliza, "Hii tuiweke wapi?" Naye anajibu: kichwa, tumbo, usingizi, ngozi.

Siku moja Miwani akasoma: "Mume wangu siku hizi ananipiga." Akauliza, "Hii tuiweke wapi?"

Shangazi akacheka. "Hiyo si dalili," alisema. "Hiyo ni ndoa."

Miwani naye akacheka, maana ilichekesha, na wakaitupa kwenye kikapu cha Mengineyo, pamoja na waliolalamikia foleni na waliopoteza kadi. Zilizofuata za namna hiyo hakuuliza tena. Na kikapu cha Mengineyo hakihesabiwi.

Jumatatu, siku moja baada ya sahani, mtambo ulionyeshwa kwa wageni. Daktari Mkuu aliyeongoza utafiti alibonyeza kitufe, akawakaribisha chai, na kazi iliyozoea kula mwaka mzima ikaisha kabla chai haijapoa. Ukutani zikatokea picha za rangi. Kuanguka kumepungua. Madhara: kichwa, usingizi, kinywa kukauka, basi. Dawa ni salama. Wageni walipiga makofi, wengine wakasimama.

"Na huyu hapa ndiye mwalimu wa mtambo," Daktari Mkuu alisema akimnyooshea Shangazi mkono. "Hebu simama wakuone."

Shangazi alisimama. Mbavu zilimchoma. Alitabasamu kwa midomo iliyofungwa, kama alivyozoea, kwa sababu mbele alikuwa na pengo la jino. Makofi yakaendelea, naye alisimama pale akiona jinsi mkono wa Wifi ulivyopinda mahali pasipopinda mkono.

Wageni walipoondoka alimfuata Miwani mezani kwake.

"Nifungulie Mengineyo."

"Ya nini? Mle mna takataka tu."

"Nifungulie."

Miwani akafungua. Shangazi akavuta kiti. Zilikuwapo foleni, zilikuwapo kadi. Na katikati yake: *Mume wangu kanichoma na pasi. Baba kamtupa mbwa ukutani, na mbwa alikuwa wake. Mke wangu alikuwa mpole, juzi kanikimbiza na panga. Nalala kwa jirani. Ananikaba halafu analia. Naomba mumpunguzie hivi vidonge, ataniua.* Alisogeza, zikaja nyingine. Alisogeza tena. Hazikuisha.

"Miwani, mbona yote haya yako humu?"

"Si ulisema mwenyewe?" Miwani alivua miwani yake akaifuta kwa ncha ya shati, na safari hii hakuwa mcheshi. "Mtambo ni mtoto, Shangazi. Umleavyo ndivyo akuavyo."

Ulimi wa Shangazi ulikwenda wenyewe kwenye pengo. Jino lile lilitolewa na mtu aliyekuwa mumewe, kwa ngumi moja, na siku aliporudi kwao na sanduku lake, Bi Mkubwa alimpokea mlangoni kwa maneno yale yale, kwamba hiyo ndiyo ndoa, mwanangu. Aliufundisha mtambo alichofundishwa yeye. Aliona haya, haya ya kweli, ile inayochoma masikio.

*

Daktari Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alisoma yote aliyoletewa, akasoma tena, akayaweka mezani.

"Nikuulize kitu kimoja. Kabla ya dawa, hawa walikuwa hawapigi?"

"Hatukuwauliza."

"Basi. Nikienda mbele za watu nikasema dawa inawafanya wanaume wapige wake zao, watanicheka. Watasema na mvua je, inasababishwa na dawa?"

"Tulinganishe," alisema Shangazi. "Waliomeza dawa na waliomeza unga. Kama ni tabia tu, wote watakuwa sawa."

"Siri ya nani kameza nini iko kwa jopo la nje. Mimi mwenyewe siijui. Na jopo haliamki kwa maneno ya kikapuni ambayo sisi wenyewe tuliyaita takataka." Alikuna kidevu. "Niletee jeraha moja. Mgonjwa mwenyewe aje, na aliyemjeruhi aje, waandikwe papo hapo, daktari athibitishe. Hapo nanyanyua simu, na jopo halitakuwa na pa kukimbilia. Lakini ujue unachoomba. Siri ikifunguliwa, dawa inaweza kusimamishwa. Wako watu wameacha kuanguka."

"Najua," alisema Shangazi. "Mmoja nakula naye meza moja."

*

Wifi alikuwa akiosha vyombo kwa mkono mmoja, sahani ameibana tumboni. Bi Mkubwa alikaa kibarazani akichambua nafaka. Uani, Fundi alikuwa akigonga bawaba ya lango la mteja, nyundo ikienda sawasawa, ko, ko, ko.

"Njoo kesho kituoni, wifi," alisema Shangazi kwa sauti ya chini. "Useme tu kilichotokea. Na yeye aje."

"Wamwachishe dawa?"

"Huenda."

"Halafu aanguke." Wifi aliiweka sahani chini. "Kile chuma, wifi, mimi ndiye niliyembandua. Nilivuta, na ngozi ikabaki pale. Harufu ile sijaisahau mpaka leo. Unataka nikaseme nini?"

"Na wewe je?"

"Mkono unaunga."

"Na akija kukuvunja shingo?"

Wifi aliokota sahani nyingine akaibana tumboni. Lakini Bi Mkubwa masikio yake yalikuwa mazima, akauacha ungo wake.

"Kwa hiyo mwanangu aanguke tena kwa sababu ya mkono wa mtu," alisema. "Wewe ndiye wa kusema hivyo, dada yake wa tumbo moja? Wanawake wamepigwa tangu dunia ni dunia. Nani umesikia amekufa kwa kupigwa na mumewe?"

"Wengi, mama," alisema Shangazi.

Ile nyundo ilikuwa imenyamaza, na hakuna aliyetambua imenyamaza tangu lini. Fundi alikuwa amesimama kwenye pembe ya nyumba. Alikuwa ametulia, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ya upole, ya yule Fundi wa zamani.

"Dada, nimesikia vibaya? Unataka niachishwe dawa?"

"Nataka uonane na daktari. Njoo tukae tuzungumze."

"Mimi naangukia moto, wewe unataka tukae tuzungumze." Alisogea hatua moja. "Umekula mshahara kwa vidonge hivi. Umevaa, umeng'ara. Leo mimi nimepona, unaona wivu?"

Alimfikia kabla hajamaliza kusema. Alimshika shingo kwa mkono mmoja akambana kwenye lile lango la chuma lililokuwa likisubiri rangi, akambana mpaka visigino vya Shangazi vikaacha ardhi. Lango lilikuwa limetoka kulehemewa, bado lina joto, na Shangazi alilisikia likimchoma mgongoni kupitia blauzi. Alitaka kupiga kelele, hewa haikuwapo. Aliona macho ya kaka yake karibu kabisa. Yalikuwa yanamtazama yeye kama mtu anavyotazama msumari uliokataa kuingia.

Wifi alikuja akikimbia, akampiga mumewe kichwani kwa ile plasta ya mkono, na plasta ikapasuka. Aliyepiga kelele ni Wifi mwenyewe. Fundi aligeuka akamwangusha kwa teke la tumbo, akamfuata pale pale chini kwa teke lingine, na lingine, bila haraka. Shangazi aliteleza kutoka langoni, akakaa kitako kwenye mchanga na vumbi la chuma, akihema. Majirani walikuwa wameshajaa ukutani, vikionekana vichwa tu, kila mmoja akimsubiri mwingine aruke kwanza.

Bi Mkubwa ndiye aliyekwenda. Alikwenda kama alivyokuwa akienda zamani mwanawe akigombana na watoto wenzake. Akamshika sikio.

"Wewe," alisema. "Wewe, mimi mama yako nasema inatosha."

Fundi aligeuka akampiga ngumi ya taya.

Mtu asiyewahi kusikia taya la mama mzee likivunjika asiombe kusikia. Bi Mkubwa alikaa chini taratibu, miguu imenyooka mbele, mkono mdomoni, na damu ikapita kati ya vidole. Fundi aliutazama mkono wake. Aliutazama sana, akaugeuza upande wa kiganja, kisha akapiga magoti na kuanza kuupiga ule mkono kwenye fuawe, kile chuma anachogongea kazi zake, akiupiga na kulia. Sasa ndipo wanaume wa jirani walipopata ujasiri wa kuruka ukuta na kumshika.

Bi Mkubwa alikuwa akijaribu kusema. Shangazi alitambaa mpaka kwake, akainamisha sikio.

"Mwanangu anaumwa," alisema Bi Mkubwa kwa mdomo uliopinda. "Hii si akili yake. Mpelekeni kituoni. Ile dawa... ile dawa."

Wifi alikuwa bado amelala ubavu, magoti kifuani, uso mchangani. Alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi kilichomuumiza, akajishika tumbo.

"Kumbe," alisema. "Akinipiga mimi ni mume. Akikupiga wewe ni mgonjwa."

Akatema mchanga, akaanza kuinuka.

*

Walikwenda kituoni saa ile ile, kwa gari la mteja mwenye lango. Kwenye benchi Fundi aliukalia mkono wake wa kulia, umefungwa tambara, akitazama sakafu. Watu wa foleni walisogea wenyewe, wakaacha nafasi pande zote mbili za familia ile.

Nesi wa zamu alikuwa mwanamke mtulivu. Alianza na Bi Mkubwa, na kwa kuwa Bi Mkubwa hakuweza kusema sawasawa, Shangazi alisema badala yake, na mama akatikisa kichwa kukubali. Nesi akaandika: *Mwanangu kanipiga ngumi ya taya.* Akabonyeza. Kioo cha mtambo kikawaka nyekundu, mtambo ukadai daktari athibitishe mara moja, na simu ya mezani kwa Daktari Mkuu ikaanza kuita yenyewe. Hakuna mtu aliyewahi kuufundisha mtambo kwamba mtoto kumpiga mama ni jambo la kawaida, kwa hiyo uliuona ni ugonjwa.

Shangazi aliitazama ile nyekundu. Alijua kinachofuata, akataka kusema ngoja, lakini nesi alikuwa ameshamgeukia Wifi.

"Na wewe mama?"

"Mume wangu alinivunja mkono kwa sahani," alisema Wifi. "Leo kanipiga mateke ya tumbo. Nakojoa damu."

Nesi akaandika neno kwa neno, akabonyeza. Kioo kikabaki cheupe. Chini yake kikaandika kwamba imehifadhiwa.

"Haya, imeingia."

"Imeingia wapi?" aliuliza Wifi. Alikuwa amekiona kile chekundu cha mwanzo, naye hakuwa mjinga. "Ya mama imewaka. Yangu imeingia wapi?"

Nesi aliinama kusoma. "Kwenye Mengineyo."

"Ndiyo nini?"

"Yale... yasiyo ya ugonjwa."

"Ngumi ni ile ile," alisema Wifi. "Siku ni hii hii. Mtu ni yule pale. Nani aliyeamua kwamba yangu si ugonjwa?"

Nesi hakujua. Wifi akageuka, na Shangazi angeweza kunyamaza. Angeweza kusema ni mashine, wifi, mashine hizi zina mambo. Wangapi wamepona kwa sentensi hiyo.

"Mimi," alisema Shangazi. "Waliniuliza, nikasema hiyo ni ndoa. Nilicheka."

Wifi alimtazama mpaka akamwelewa. Kisha akamzaba kibao kwa mkono ulio mzima, kibao kizito cha mtu anayeosha vyombo na kusukuma malango ya chuma, na kichwa cha Shangazi kikagonga ukuta. Foleni nzima iligeuka. Mdomo wa Shangazi ulijaa damu, akaimeza.

"Na hilo nalo liandike, nesi," alisema Wifi. "Tuone linakwenda wapi."

Nesi alikaa mikono juu ya vitufe, asiandike kitu. Daktari Mkuu alitokea mlangoni, akamwona Bi Mkubwa na taya lake, akamwona Wifi ameegemea meza, akamwona mwalimu wa mtambo ana alama za vidole shingoni na damu mdomoni. Hakuuliza jeraha liko wapi.

"Mwekeni huyu mama kitandani kwanza, huyu anayekojoa damu," alisema. Kisha akanyanyua simu.

*

Jopo lilifungua siri ya namba. Waliomeza dawa walikuwa wamewapiga watu wao mara nyingi kuliko waliomeza unga, mara nyingi mno, na utafiti ukasimamishwa. Wageni wa makofi waliandika barua fupi. Kaka yake Shangazi alikuwa fungu la dawa, kama Bi Mkubwa alivyojua siku zote, na alipunguziwa kidogo kidogo mpaka ikaisha, wakamrudishia vidonge vyake vya zamani visivyomfaa sana.

Mtambo haukutupwa. Kosa halikuwa lake. Shangazi na Miwani walikaa tena ubavu kwa ubavu, wakatoa kikapuni sentensi moja baada ya nyingine na kuufundisha upya, kazi ya kuchosha, na Miwani hakufanya mzaha wowote. Walipomaliza wale wa dawa, alisimama, akajinyoosha, akaketi tena.

"Wamebaki hawa," alisema. "Hawa ni wa unga. Hawakumeza dawa yoyote, na wanapiga vilevile. Si wengi kama wale, lakini wapo." Akaweka vidole juu ya vitufe. "Hii tuiweke wapi?"

Shangazi hakucheka.

"Weka kwenye majeraha."

"Lakini hayakusababishwa na dawa."

"Sikusema yamesababishwa na dawa. Nimesema weka kwenye majeraha."

Miwani akaweka.

Nyumbani, taya la Bi Mkubwa lilifungwa nyaya, na nyaya zilipotolewa bado hakusema na binti yake. Akitaka chumvi, alimtuma mtoto. Fundi aliacha kulehemu. Alipiga rangi tu, mbali na moto, na kazi za moto akawapa mafundi wengine, pamoja na faida yake. Alikuwa ameanza tena kuomba radhi: kwa mkewe, kwa mama yake, kwa ukuta. Wifi alizisikia radhi hizo huku akiendelea na shughuli zake. Hakusema amesamehe na hakusema hakusamehe, na alilala na mtoto kwenye chumba cha Shangazi, mlango umekomewa. Kwamba mawifi hawa wawili wakalala chumba kimoja baada ya kibao kile, watu wa mtaa walishangaa. Wenyewe hawakuona la kushangaa.

Asubuhi moja, akiwa ameshika brashi, Fundi alianguka. Shangazi alikuwa akifunga viatu aende kazini, akasikia kopo la rangi likigonga chini, akajua. Alipofika uani, Wifi alikuwa ameshafika. Alikuwa amemlaza ubavu, amemsukumia kanga iliyokunjwa chini ya kichwa, ameyasogeza mabati yote mbali na miguu iliyokuwa ikirukaruka, na mkono wake uliounga vibaya ulikuwa umemshika begani asijigonge. Povu lilimtoka mdomoni, naye alilifuta. Bi Mkubwa alitoka mlangoni, akamwona mwanawe, akamtazama Shangazi kwa jicho lisilohitaji maneno, akarudi ndani.

Mwili ukalegea. Macho ya Fundi yakaanza kurudi, yakitangatanga. Wifi alipoyaona yanarudi aliondoa mkono begani, akainuka, akarudi nyuma, akachuchumaa tena.

"Nimempiga mtu?" aliuliza Fundi. Ulimi ulikuwa bado mzito.

"Hapana," alisema Wifi. "Umeanguka tu."

"Afadhali," alisema Fundi, akafumba macho.

Wifi alibaki pale pale amechuchumaa akimlinda, mbali kidogo, mbali kuliko mkono wa Fundi unavyoweza kufika.